Jora la Mapazia la Mwanatabu

Siku Bi Ummi alipomwambia "Nimekubali, mwanangu, nyumba ni yako," Mwanatabu alimwomba arudie. Na Mwanatabu si mtu wa kuambiwa neno mara mbili, muulize yeyote aliyewahi kushonewa sare naye pale Likoni. Miaka thelathini na mmoja ya kupanga, nyumba nane, wenye nyumba wanane, halafu mtu mzima anamtazama usoni na kumwambia bei uliyotaja inanitosha. Wakasoma Fatiha pale pale kibarazani, wakapangusa nyuso, kahawa ikaletwa na vikombe viwili.

Kilichobaki ni makaratasi. Hati ya ile nyumba, hapo hapo Likoni, ina majina mawili, la Bi Ummi na la mwanawe Abdulaziz, na Abdulaziz ni baharia, yuko melini huko duniani. Atarudi baada ya wiki nne. Akirudi, watatia sahihi mbele ya wakili, Mwanatabu atatoa pesa zake za tangu ujana, apewe ufunguo. Bi Ummi mwenyewe alisema wiki nne si kitu.

Si kitu kwake yeye! Jumamosi ya kwanza tu, Mwanatabu alivaa buibui lake la kutokea, akatia futi yake ya ufundi mkobani, akaenda Miritini kutazama nyumba nyingine.

Naam, umesikia vyema. Nyumba nyingine. Bintiye, Jalila, alimshika mlangoni.

"Mama, wewe si umeshanunua?"

"Sijanunua. Nimekubaliwa."

"Tofauti yake ni nini?"

"Tofauti yake naijua mimi. Kunywa chai yako."

Na kweli aijua, maskini. Mwaka wa elfu mbili na kumi na moja aliwahi kukubaliwa. Kiwanja kidogo, mwenye kuuza mtu wa heshima, kanzu imepigwa pasi, akatoa malipo ya kwanza, akapewa na karatasi yenye muhuri. Wiki ile ile Mwanatabu alivuka feri mpaka mjini akanunua jora zima la kitambaa cha mapazia, zambarau iliyokolea yenye maua ya manjano, kwa sababu nyumba yake mwenyewe haitavaa vipande vya kuokoteza. Siku ya kuchimba msingi alikuta watu watatu kiwanjani, kila mmoja na jembe lake na karatasi yake yenye muhuri ule ule. Wakaamkiana kwa adabu zote. Simu ya yule mtu wa kanzu ilikuwa imezimwa, na mpaka leo haijawashwa.

Jora likaenda chini ya kitanda. Nyumba ya tano, ya sita, ya saba, ya nane, kila akihama lahama naye, limefungwa kwa gazeti. Wateja wamelitamani. Jalila alipokuwa mdogo alililia Idi mbili mfululizo ashonewe gauni. Mwanatabu alikuwa akijibu neno moja tu, kwamba kile kitambaa kina kwao. Fundi wa sare anakata nguo kutwa kucha, mkasi haumtoki mkononi, lakini jora lile hajaligusa. Kitambaa ukishakikata kwa dirisha la mtu, hata ulie, hakirudi kuwa kizima.

Sasa Miritini. Fleti mpya, ghorofa ya tatu, rangi bado yanuka, mfereji haukutoa hata tone, na dalali akaapa kwamba maji huja Jumanne. Chini malori yananguruma. Mwanatabu hakuitaka nyumba ile hata kidogo. Lakini alitoa futi akapima madirisha yote, akaandika vipimo kwenye daftari lake la oda, katikati ya kola na marinda ya wanafunzi. Na akirudi, moyo wake ulikuwa mwepesi sana, akahisi kama amepata mahali pa kukimbilia endapo Bi Ummi atageuka.

Haya, hiyo ndiyo sababu aliyojiambia. Ya pili hakuisema, na mimi nitaisema kwa niaba yake: ilimnogea. Miaka yote amebisha milango ya watu kama mpangaji, akiulizwa ana watoto wangapi, anapika kwa makaa au gesi, mume yuko wapi. Leo anafunguliwa mlango kwa "karibu mama, pita, keti hapa," anaombwa maoni juu ya vigae. Akikunja uso, dalali anatoka jasho. Nani asiyependa kunyenyekewa? Jumamosi ya pili akaenda Changamwe, nyumba mbili kwa siku moja. Daftari likajaa madirisha.

Dirisha la nyumba moja tu ndilo halikuwamo. La Bi Ummi. Siku ya kuitazama, futi ilikuwa mkobani na mkono haukuitoa. Angeipima, angeanza kuipenda, na Mwanatabu hakutaka kupenda kitu ambacho bado kina mwenyewe.

Jumamosi ya tatu akapigiwa simu na dalali wa Kisauni, kijana mmoja aitwaye Griffin, mtu wa bara, mdomo haupumziki. Kuna nyumba Mtopanga, mwenyewe ni mama wa Kigiriama, Bi Mapenzi, mumewe amestaafu na wanarudi kwao Ganze. Mwanatabu akavuka.

"Mathe, hii usiache," Griffin akawa amwambia njiani. "Hii ni ile mwenye atawahi ndiye atapata. Kuna mteja mwingine amerudi leo asubuhi, bado yuko ndani anapimapima."

Bi Mapenzi akawafungulia, akawakaribisha kwa tabasamu. Mwanatabu akavua viatu, akaingia sebuleni futi iko tayari mkononi. Kwenye kiti cha pembeni, na gilasi ya ukwaju mbele yake, ameketi Bi Ummi.

Ewe Mola! Mwanatabu alitamani sakafu ifunguke. Futi aliificha nyuma, lakini futi ya fundi ni ndefu, ncha yake ikabaki yaning'inia chini ya buibui ikimchongea.

"Shikamoo, Bi Ummi."

"Marahaba, mwanangu. Wajambo nyumbani?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

"Jalila naye?"

"Mzima. Akuamkia."

Ikaenda hivyo, salamu juu ya salamu, miguu, mgongo, shinikizo la damu, hali ya feri, na hakuna aliyeuliza lile la kuulizwa. Griffin akawa anawaangalia mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyekosea basi. Bi Mapenzi akauliza, "Kumbe mnajuana?"

"Twajuana," Bi Ummi akasema. "Huyu ni mwanangu. Ni fundi wa nguo. Mwanatabu, naona umekuja na futi. Hebu nipimie dirisha lile."

Mwanatabu akapima. Dirisha lile moja akalipima mara tatu, likatoa vipimo vitatu. Yeye, aliyeshonea shule nzima bila kurudisha sketi moja! Akaandika kile cha mwisho. Bi Ummi akasubiri amalize, kisha akainuka kwa kushika magoti, akasema wanakwenda kuona jikoni. Griffin akataka kuwafuata.

"Weye keti, baba. Kunywa ukwaju."

Uani wakasimama karibu na tangi la maji. Bi Ummi hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, ingekuwa nafuu.

"Mwanatabu, nyumba ya tatu kulia kutoka hapa akaa dada yangu. Tumebaki wawili. Mimi feri siiwezi tena kwa magoti haya, naye haoni vizuri. Nimemwambia mwenye nyumba hii anivumilie mpaka Abdulaziz arudi, nami nimesema hivyo kwa kutegemea neno lako. Weye ukiniangusha, nami nitamwangusha mama wa watu, naye ashafunga mizigo nusu. Kama moyo umegeuka niambie leo. Sitakulaani. Nitatafuta mwengine, kungali mapema."

Hapo ndipo Mwanatabu alipojua kwamba nyumba ile ya Likoni anaitaka. Ni neno "mwengine" lililomwamsha. Akaona kibaraza kile, na mtu asiyemjua amekalia, anakunywa kahawa yake.

"Haujageuka," akasema, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. "Naogopa, Bi Ummi. Niliwahi kukubaliwa kabla ya leo." Akamweleza yote, mtu wa kanzu, wale watatu na majembe yao, jora chini ya kitanda, Miritini, Changamwe. Hakubakiza. Alisema hata ile ya kwamba alikuwa akipenda kuitwa mama na kupewa kiti, na aliposema hilo aliona haya zaidi kuliko yote.

Bi Ummi akacheka, akacheka mpaka akashikilia tangi.

"Wallahi nawe! Kwani mimi silali nikiwaza? Kila usiku nasema, yule fundi atapata nyumba yenye vigae aniache na ukuta wangu wa matumbawe. Mara mbili nimetaka kukupigia simu nikaona haya. Nikasema, mtu mzima mimi, nimesoma Fatiha, sasa naogopa nini?"

"Ungenipigia."

"Nawe ungenijia. Mwanamke wazunguka Mombasa nzima kupima madirisha ya watu, yangu hujayapima hata moja. Wadhani sikuliona hilo? Siku ile nilisema moyoni, huyu fundi gani aja bila futi."

Akafungua pindo la leso yake, akatoa ufunguo mmoja wa zamani, mrefu, umefungwa uzi mwekundu. "Huu ni wa chumba cha mbele. Mpangaji alitoka mwezi wa Rajabu, kiko tupu. Kesho lete cherehani yako ushonee pale. Mimi nitakuwa vyumba vya ndani mpaka nihame. Makaratasi yatakukuta umeshaingia."

"Na Abdulaziz?"

"Abdulaziz atarudi akute fundi yuko kazini. Yeye ndiye wa kwanza kuniambia niuze. Haya, mimi nimekupa ufunguo kabla ya sahihi. Weye wanipa nini?"

Mwanatabu alifikiri. Pesa ziko benki, na pesa ni za siku ya wakili. Mkobani alikuwa na futi, daftari na tembe za kichwa. Akajikuta amesema kabla hajajizuia.

"Nitakushonea pazia la sebule ya nyumba hii. Kwa kitambaa changu."

Kesho yake, Jumapili asubuhi, cherehani ikafika kwa mkokoteni. Jalila akabeba jora begani. Waliliweka sakafuni katika chumba cha mbele, wakalitoa magazeti, wakalikunjua. Kwenye mkunjo wa juu zambarau ilikuwa imepauka kidogo, mstari mmoja mrefu, miaka yote ile. Ndani kilikuwa kipya, maua yake ya manjano yawaka. Bi Ummi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Mashallah. Cha lini?"

"Cha zamani," Mwanatabu akajibu.

Alipima dirisha la chumba cha mbele. Akapima la chumba cha kati, la chumba cha ndani, na yale mawili ya sebuleni. Mara hii hakupima mara tatu. Akaandika daftarini, chini ya madirisha yote ya Miritini na Changamwe, na juu ya vipimo hivyo akaandika Likoni. Kisha akashika mkasi. Jalila akashika upande wa pili wa kitambaa, akamwangalia mamake usoni. Alikwisha kulilia jora lile Idi mbili, alijua mkasi haujawahi kuligusa.

Simu ikalia. Alikuwa Griffin. "Mathe! Kuna ingine imetoka Bombolulu, hii ni moto, nikushikie?"

"Asante, mwanangu. Nishapata."

Akaiweka simu chini, akakata kitambaa. Pazia la kwanza alilokata ni la Mtopanga, la Bi Ummi, kwa kipimo kile cha mwisho kati ya vitatu. Akaongeza shibiri moja ya tahadhari. Kisha akakata yake, moja baada ya moja, mkasi ukaenda moja kwa moja mpaka jora likaisha. Jalila akahesabu vipande, akahesabu tena.

"Mama, la jikoni halimo. Kitambaa hakikutosha. Ungempa Bi Ummi kidogo, kingetosha."

Bi Ummi akataka kusema neno. Mwanatabu akamtangulia, uzi uko mdomoni, anatafuta tundu la sindano.

"Wacha. La jikoni nitanunua kingine nikipata. Kuna haraka gani? Sihami."