Pumzi ya Zornitsa

Zornitsa wa mji wa Plovdiv, Bulgaria, hakuwa na mwajiri. Alirekodi vitabu kwa sauti yake, kwa yeyote aliyemhitaji, na kila akimaliza kimoja aliwapigia simu wasikilizaji kuuliza wamekionaje. Wengi walimsifu tu. Mzee Stamen, asiyeona, alicheka.

“Binti yangu, unasoma vizuri. Lakini mtu akikaribia kuuawa, unavuta pumzi kwanza! Mimi najua maiti mapema.”

Zornitsa akajisikiliza upya, akaona haya, kisha akaangua kicheko. Riwaya iliyofuata ya upelelezi aliisoma kwa kujichunga.

Safari hii Stamen alipiga simu mwenyewe. “We mtoto mbaya! Nimeruka kitini, kahawa yote imemwagika!”

“Pole, babu.”

“Pole ya nini? Lete kingine!”

Zornitsa alikata simu, akacheza kwa furaha peke yake jikoni.