Ini Zima la Kolapo

Ndugu yangu Kolapo alizikwa na ini zima. Watu hapa Ibadan hadi leo wanasema aliuawa na ugonjwa wa manjano, nami nikiwasikia nanyamaza, maana ni mimi niliyewafundisha kusema hivyo. Nauza agbo, dawa ya miti, kwenye njia panda karibu na kiwanda cha mbao. Mwaka wa ishirini na sita huu. Ukipita asubuhi ukawakuta wanaume wamejipanga na vikombe mkononi, wanatupiana matusi ya utani, ujue umefika kwangu.

Tulichangia baba na mama. Alikuwa mpasua mbao, mtu mrefu, mpole hadi anakera. Ukimsifu anacheka, ukimtukana anacheka. Jumapili anavua viatu, anavaa kanzu nyeupe, anakwenda kugonga kengele ya kanisa letu. Mkewe, Mopelola, alikuwa akisema mbele za watu kwamba ameolewa uke wenza na kengele. Kolapo anacheka tu.

Tangu utoto macho yake yalikuwa na tabia. Akilala na njaa, akishikwa na mafua, akifanya kazi ya kupita kiasi, weupe wa macho unaingia manjano hafifu. Siku mbili tatu, yanarudi. Wenzake kiwandani walimwita Ndimu. "Ndimu, leo umeiva!" Naye anajibu, "Njoo uchume." Mama alimchemshia majani ya mpapai, na mama alipoondoka nikashika mwiko mimi. Kwetu jicho likiwa manjano hakuna kuulizana. Ni ponju, ugonjwa wa manjano. Mgongo ukiuma, ponju. Mwili ukichoka, ponju. Tumbo likisumbua, basi ponju imeshukia tumboni, na dawa yake imo chunguni kwangu.

Mwaka ule aliokufa, tumbo ndilo lililoanza. Alikuja kibandani kwangu ametoka kazini, vumbi la mbao hadi kwenye kope.

"Dada, hapa." Akaweka kidole chini kidogo ya kifua. "Panawaka. Nikila panatulia, njaa ikija panawaka tena. Nabeua ovyo mbele za watu."

"Fungua macho nikuone."

"Nakwambia tumbo, wewe unataka macho."

"Kolapo, fungua macho!"

Akafungua. Manjano. Nikamwambia, si unaona? Nikampa ile kali, mizizi iliyolowekwa kwenye gongo, kikombe kimoja kila asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni. Tena alikuwa anatafuna vidonge vya maumivu vya wachuuzi, viwili asubuhi, viwili jioni, kwa ajili ya mgongo na yale magogo. Vidonge hivyo hakuna aliyevihesabu kuwa kitu. Nabii wa kanisa naye alipoona macho akamfungisha siku tatu, pasipo chakula wala maji. Alipotoka, macho yamezidi. Nabii akasema adui hajaachia, ongeza siku saba.

Nasimulia leo naona haya. Kadiri alivyofunga ndivyo macho yalivyozidi, na kadiri yalivyozidi ndivyo tulivyomfungisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza.

Aliyejiuliza ni Mopelola. Siku moja alikuja amejifunga kitambaa cha kichwa kama mtu anayekwenda kugombana, akasema, "Wifi, nampeleka mume wangu akapimwe damu. Ukitaka twende, hutaki, baki na chungu chako." Nikaenda. Sikwenda kwa kumuunga mkono, nilikwenda kuona watakavyoaibika.

Daktari alikuwa msichana, sauti ndogo, kalamu sikioni. Alimtoa damu, baada ya siku mbili tukarudi kuchukua majibu. Akatusomea. Hana homa ya ini. Hana malaria. Damu haijapungua. Ini linafanya kazi. Kilichopanda ni kitu kimoja tu, nacho kimepanda kidogo, kinaitwa bilirubini.

"Si ndiyo hiyo!" nikasema. "Imepanda!"

"Mama, nisikilize kidogo," akasema. "Damu yetu sote huzeeka, na ikivunjika inaacha rangi ya manjano. Ini linaikusanya na kuitoa. Ini la ndugu yako linaikusanya polepole, ndivyo alivyozaliwa. Si ugonjwa, wala hautamuua. Akikaa na njaa rangi inapanda, akila inashuka. Katika familia yenu hakuna mwingine?"

Nikasema hakuna. Mama yetu alikuwa vilevile kila Kwaresima, lakini sikuona kwa nini nimpe msichana yule habari za mama yangu.

Akamgeukia Kolapo. "Macho yako hayaumwi, baba. Tumbo ndilo linaloumwa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Naogopa una kidonda tumboni. Acha vile vidonge vya mgongo, acha gongo, acha dawa za kulowekwa, usifunge. Kunywa hizi nitakazokuandikia, kisha urudi tukuchunguze ndani. Na ukiona choo kimekuwa cheusi kama lami, usingoje kesho. Kimbia hospitali, hiyo ni damu."

Haya yote niliyasikia. Siwezi kusema sikuyasikia. Lakini nilikuwa nimeshanuna. Mtoto wa juzi ananiambia macho manjano na ini zima, mbele ya wifi yangu! Njiani nilimnyang'anya Kolapo ile karatasi, nikatafuta namba, nikaiona imepita ile wanayosema ndiyo kipimo, imewekewa alama pembeni. Karatasi ile nilikwenda nayo kibandani. Wiki nzima nilimwonyesha kila mteja. "Tazameni, hata mashine yao imeona ponju, wao wenyewe hawaoni."

Kolapo alimtii daktari. Wiki tatu alikula uji wa mahindi asubuhi, akala mchana, akala jioni, akanywa dawa. Macho yakawa meupe pe. Tumbo likatulia. Alinenepa hata mashavu, na Mopelola akawa ananipita pale njia panda anatabasamu tu. Lile tabasamu lilinikata maini kuliko tusi.

Kisha ukafika mfungo wa mwaka wa kanisa. Mgonga kengele hagusi kamba akiwa ameshiba, hilo kwetu halina mjadala. Ama afunge, ama amwachie mtu mwingine kamba. Na mgongo ulikuwa umeanza tena, vidonge vya wachuuzi vikarudi mfukoni, hilo nilikuja kulijua baadaye. Akaja kwangu.

"Dada, nifunge nisifunge? Daktari kakataza. Mopelola kanililia jana. Wewe ukisema nisifunge, sifungi, nitawaambia dada yangu mkubwa kakataa. Hawatanicheka."

Alitaka nimkataze. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, amekuja kuniomba nimpe sababu ya kula. Niliona wazi, maana nilimlea mimi, najua anavyosimama akitaka kitu. Lakini nilifikiria tabasamu la Mopelola. Nikamwambia, "Tangu lini mwanamume wa nyumba yetu akaogopa njaa? Funga. Na kila asubuhi upitie hapa unywe kikombe, dawa si chakula."

Akacheka. Akanywa.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda nyumbani kwao kumpelekea kikombe, maana hakupita. Mopelola alikuwa uani anawasongea watoto ugali wa amala. Kolapo ameketi kwenye benchi mlangoni, kanzu ameshavaa, miguu mitupu. Macho manjano kuliko nilivyopata kuyaona. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema kwa sauti ili mke asikie, "Haya, liko wapi lile ini zima?"

"Dada," akasema taratibu, "leo choo changu kimetoka cheusi. Cheusi tii. Kinanata. Na kichwa chepesi, kama nimeshuka juu ya mti."

Maneno ya yule msichana yalinijia, tena kwa sauti yake ileile. Nikayafukuza. Sisi wauza agbo choo kikiwa cheusi tunamwambia mteja ashukuru, uchafu unatoka. Nimewaambia wangapi? Nikamwambia na yeye. "Ponju hiyo inatoka, mwanangu. Ilikaa humo siku nyingi. Shukuru."

Uso wake ukatulia. Ndilo linaloniua mimi hilo. Aliniamini papo hapo, akapumua, akachukua kikombe na mikono miwili kama tunavyopokea kitu cha mkubwa, akanywa hadi mwisho. Kisha akaenda kanisani. Mwiko wa Mopelola ulikuwa umesimama sufuriani.

Waliokuwapo wanasema kengele ililia mara nne, kisha kamba ikalegea. Walimkuta ameegemea ukuta, kanzu yote kwa mbele imejaa damu aliyoitapika. Nabii akapiga magoti kuomba. Waumini wawili, wapasua mbao wenzake, ndio waliombeba mbio hadi barabarani, kanzu zao zikaharibika pia. Nilifika hospitali na Mopelola, tukakaa kwenye benchi moja. Hatukushikana mikono. Kabla ya adhuhuri daktari mmoja wa makamo akatoka, akavua glavu, nikajua.

Alisema ni kidonda cha tumbo, kimekula hadi kwenye mshipa. Pengine kilikuwa kinavuja kidogo kidogo tangu jana au juzi. Nikauliza ini. Hata pale, jamani, niliuliza ini. Akasema ini halikuwa na tatizo, yale manjano yalikuwa ya njaa tu, mtu wa namna yake akikaa siku tatu bila kula lazima macho yageuke.

Kisha akafungua faili. "Kuna mtu aliyekuwa naye asubuhi? Huwa kunatangulia dalili. Alilalamika kizunguzungu? Choo cheusi? Mtu akiwahi kwa saa mbili tu tunamwongezea damu, wengi wanapona."

Mopelola alinyanyua uso, akanitazama.

"Mimi nilikuwa naye," nikasema. "Hakusema kitu."

Daktari akaandika. Kalamu ilikwenda mstari mzima, nami nikangoja Mopelola aseme. Nilitamani aseme. Ningepigwa mbele ya watu wale wote ningeshukuru. Akajifunga khanga yake vizuri, akasimama, akanishika mkono juu ya kiwiko kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Twende, wifi," akasema. "Wanataka tuwape nguo za kumvalisha."