Moyo wa Mama Mkwe

Mwaka wangu wa mwisho wa kusomea utabibu, hapo Kakamega katika miaka ya tisini, nilikuwa nimeshafeli mara moja mtihani wa kusikiliza moyo. Nikifeli tena, narudi Lugari kupalilia mahindi ya baba. Kiburi nilikuwa nacho tele; masikio ndiyo yaliyokuwa mazito.

Katika wodi ya wanawake alilazwa mama mmoja kutoka Malinya. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa unavuja, na sauti ya kuvuja huko ilisikika vizuri, kwa hiyo kila mwanafunzi alimtaka. Mwalimu alipoomba ruhusa, mama aliitoa kwa masharti: anayemgusa apashe mikono joto kwanza, kisha aseme ni wa ukoo gani. Mwalimu alicheka. Sisi tuliokulia huko hatukucheka.

Zamu yangu ilipofika nilisugua viganja, nikataja ukoo wangu. Mama akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Woi! Binti yangu ameolewa kwenu huko Lugari. Wewe ni mkwe wangu. Kifua yangu utaona aje?"

Kwa desturi zetu, mume wa binti yake na mimi tulikuwa ndugu. Na mkwe hamshiki mama mkwe mkono, hali naye, akimwona njiani huingia kichakani. Sembuse kumsikiliza moyo! Nilirudi nyuma bila kuambiwa mara mbili. Wenzangu walinitania juma zima. Nilicheka nao, lakini niliogopa sana.

Siku ya mtihani tuligawiwa wagonjwa kwa kura. Nikafungua karatasi yangu: kitanda chake. Nilimweleza mtahini, mgeni kutoka Pwani, habari yote ya mkwe na kichaka. Akaniuliza: nikiwa peke yangu zahanatini, mama mkwe akaletwa akihema, nitamtibu au nitaingia kichakani?

Aliyejibu ni mama. Aliomba leso yake, akajifunika uso wote, akageukia ukutani, kisha akainua mkono wa kushoto ili ubavu ubaki wazi.

"Kuja," akasema kutoka ndani ya leso. "Mimi sikuoni, na wewe usinione. Sikiliza tu."

Nilisugua mikono mpaka ikawaka, nikaweka stetoskopu chini ya kwapa lake. Safari hii nilisikia: baada ya kila pigo, mvumo mrefu, kama upepo unaopenya chini ya mlango. Nikaeleza nilichosikia, mtahini akaitikia kwa kichwa na kuandika. Nilifurahi mno. Nusura nimkumbatie mama yule, jambo ambalo lingetuua sote wawili kwa aibu.

Mtahini alipohamia kitanda cha pili nilimshukuru mama, macho yangu sakafuni, nikamuuliza kwa nini alikubali.

"Usinishukuru sana," akasema, uso bado umefunikwa. "Binti yangu ako na mimba, na ako kwenu. Mimi huko siendangi ovyo. Akigonjeka, ni wewe wataita. Nikikunyima moyo yangu leo, yake utasikia aje?"