Posa Chini ya Miti ya Redwood

Siku nne sikulala vizuri kwa sababu ya swali ambalo sikulijibu. Shangazi, ninayeishi naye huku ng'ambo, Ilford, tangu nije kusoma, aliniuliza huku akikaanga katlesi: "Kuna watu wanakutaka. Unasemaje?" Nilikuwa nimemaliza chuo juzi tu, sina kazi, na kila jibu lililonijia lilizaa maswali mengine matatu. Nikanyamaza. Je, nilikuwa nimekataa, au nimeomba muda?

Jumamosi akasema, "Twende ukaione miti yako." Nimesomea mimea, na kwa miaka mitatu nilimchosha kwa habari za miti ya redwood, ile mikubwa ajabu, iliyopandwa zamani, kwa mbegu za Marekani, katika bustani moja kando ya Mto Thames. Kumbe alikuwa akinisikiliza. Nikaona haya kwa kumdhania vibaya.

Gome la mti lilibonyea chini ya kiganja changu kama godoro la sufi. Nikageuka nimwonyeshe, nikamkuta katandika mkeka, anawapungia mkono watu wanaotoka upande wa mtoni: mama mmoja wa buibui na kijana aliyebeba chupa ya chai.

"Mkwe wangu!" Yule mama akanikumbatia. "Baba yako katujibu barua jana. Mashaallah!"

Barua ya posa. Nikamtazama shangazi.

"Baba kajibu kwa neno la nani?"

"Lako. Nilikuuliza, ukanyamaza. Mwanamwali akinyamaza karidhi. Ulitaka upige vigelegele?"

"Nilikuwa nafikiri!"

"Siku nne? Hebu! Weye kununua viatu tu wafikiri mwezi."

Yule mama akacheka. Kijana akainamia chupa yake.

Desturi hiyo naijua, nimezaliwa nayo Unguja. Lakini shangazi ananijua mimi kuliko mtu yeyote. Amewahi kunisubiri nusu saa dukani nichague mkate. Alijua kabisa kimya changu ni cha namna gani, akampelekea baba kama ridhaa, kisha akanileta huku kwa kitu ninachokipenda.

Nikaanza kupima. Baba ataaibika. Huyu mama katoka mbali. Labda kijana ni mwema. Nikashtuka: nilikuwa nimenyamaza tena, na shangazi alikuwa akinitazama kwa utulivu, akingoja kimya hicho nacho kiwe jibu.

Nikatoa simu, nikampigia baba Unguja, nikaweka spika wote wasikie.

"Baba, waandikie upya. Mimi sikukubali, na sikubali."

Nikamwomba yule mama radhi, nikaelekea stesheni peke yangu.