Nilimhamisha mwanangu kutoka Al Khoudh nimwepushe na marafiki wabaya

Wakuu, salaam. Haya ni ya kweli, ingawa hayanipendezi.

Nilikana muda mrefu kwamba mwanangu Haitham, miaka kumi na tano, ni mkorofi. Kila nilipoitwa shuleni, jibu langu lilikuwa moja: marafiki. Nina digrii mbili, na zote nilizitumia kulitetea jibu hilo.

Yeye na wenzake walikuwa wakiagiza chakula, halafu wanamvizia kijana wa pikipiki anayekileta, wanamrushia mayai huku wanarekodi. Mmoja, kijana wa Bangladesh, alianguka akavunjika mkono.

Mume wangu akaenda hospitali kumwomba radhi. Mimi nikaenda kugombana na jirani, mama wa rafiki yake Haitham.

"Mwanao anamharibu wangu!"

"Haya, msomi," akasema, akafunga mlango.

Nikampeleka Haitham akakae kwa mdogo wangu Zuwena, huko Sidab, mbali na mtaa wetu wa Al Khoudh. Wanawe wapole mno, wanasalimia hata paka. Nikajipongeza kwa busara.

Sasa niwape kitu pembeni. Ijumaa ukoo wetu hula kwa mama. Sinia zikishaondolewa, naombwa niigize, maana mimi ndiye mchekeshaji. Nawaigiza hao hao wa pikipiki: Kiarabu chao cha kuokoteza, wanavyopotea njia, "madam, madam". Watu hucheka hadi machozi.

Mama peke yake hacheki. Marehemu baba alipokuja nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja, Kiarabu chake kilichekwa vivyo hivyo. Mimi nikidhani mama masikio yamechoka.

Somo nalisema sasa, maana mwishoni sitakuwa na nguvu: kabla hujawakagua marafiki wa mtoto, sikiliza mnachocheka nyumbani. Wenye vijana wa umri huu, nyinyi mlifanyaje? Changieni, hata kama ni kunisema.

Haukupita muda tangu nimpeleke Haitham, Zuwena akapiga simu.

"Dada, njoo umchukue mwanao. Wangu washaanza. Jana wamemrushia mayai mfagiaji wa barabara."

"Kajifunza kwa wale wa Al Khoudh, Zuwena, nilikwambia..."

"Hebu skiza. Nimemuuliza nani kamfundisha. Hakutaja rafiki hata mmoja. Kanambia, 'Mama mdogo, mbona mama akiwaigiza wale wa pikipiki mnacheka?'"

Nikachukua funguo za gari.

"Na mimi ndo nnayecheka kuliko wote, dada."