Swichi Zisizotaka Kutazamwa

Aibu hii nimekaa nayo miezi kadhaa, na kwa kuwa nyinyi ni ndugu zangu, na wengi wenu mlikuwa pale kanisani mkaiona kwa macho yenu (ambao hamkuwapo mmeshasimuliwa, tena kwa chumvi nyingi), nimeona afadhali niiseme mwenyewe, nikiwa bado na pumzi ambayo Mungu ananipa bure kila asubuhi.

Mnajua nilifanya kazi ya simu za waya miaka mingi, nikipanda nguzo kutoka Kisumu mpaka Bondo, na nilipostaafu nikamwambia Bwana kwamba mikono hii sasa ni yake. Kanisa likanikabidhi mtandao wake. Si mkubwa: ni swichi tatu kuukuu tulizopewa na ofisi moja iliyokuwa ikihama, visanduku vyenye matundu ambamo nyaya zote hukutana, kimoja ofisini, kimoja karibu na kamera, kimoja kwenye korido ya jikoni. Zilifanya kazi kimya kimya bila kumsumbua mtu, na ningekuwa na akili ningeziacha hivyo.

Lakini nikapata programu ya uangalizi. Kazi yake ni kuziuliza swichi kila baada ya dakika tano, "Uko hai?", na swichi ikijibu, alama ya kijani inatokea kwenye simu yangu. Ndugu zangu, niliipenda ile rangi ya kijani. Nilimwonyesha mchungaji, nikamwonyesha mke wangu, nikamwonyesha hata mzee mmoja nisiyemjua tuliyekaa naye kwenye foleni ya kliniki ya macho (ambaye kwa hakika hakuwa akiona kitu). Kisha dakika tano zikaanza kuonekana nyingi, au mimi nikaziona nyingi, ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo: nikaiagiza programu kwamba kila nikiifungua, iziulize swichi zote papo hapo, tundu kwa tundu, na isiache kuuliza mpaka niifunge.

Wiki ile ile Mama Dorka akalala katika Bwana, yule aliyeimba kwaya yetu tangu kanisa likiwa la mabati matupu. Mwanawe wa pekee, Beldina, yuko ng'ambo anauguza wazee wa watu, na makaratasi yake hayakumruhusu kusafiri. Akanipigia simu. Hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza. Alitaka jambo moja tu, kuzungumza na mama yake kabla hajafunikwa, maana kwetu mtoto husimama mbele ya jeneza la mzazi akasema lake, na asiposema, neno hilo humkaa kifuani maisha yake yote. Maziko yalikuwa Usenge, nyumbani kwao, ambako mtandao haushiki, kwa hiyo ibada ya Ijumaa asubuhi hapa Kisumu ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

"Mwanangu," nikamwambia, "utaongea. Mimi mwenyewe nitakuwa naangalia."

Yakumbukeni maneno hayo.

Alhamisi tukajaribu kamera mbele ya kwaya, kila kitu kikawa sawa, nikafungua simu nikafurahie kijani changu, mara picha ikaganda. Nikakimbia kuangalia swichi ya koridoni, taa zake zinawaka tu bila kupepesa, kama mtu aliyelala macho wazi, na haikuzinduka mpaka nilipochomoa umeme na kuurudisha. Nikatafuta mkosaji, nami sikwenda mbali. Kwenye korido, soketi moja na swichi, kulikuwa na mtungi wa umeme wa kuchemshia chai, mali ya Mama Risper, mkuu wa jikoni. Nikamwita mbele ya kwaya nzima nikamweleza jinsi mtungi wake unavyonyonya umeme wa watu, na nikaweka mstari wa Maandiko juu yake, Mungu anisamehe.

"Mzee," akasema, "hii mtungi iko hapo kutoka zamani na hiyo kitu yako haijawahi kuganda."

Nikamjibu kwamba mambo ya umeme ni mazito. Akasema sawa (nanyi mnaijua "sawa" ya Mama Risper), akachomoa mtungi wake, na Ijumaa akaamka alfajiri kuchemsha chai ya waombolezaji kwa makaa, nje, kwenye moshi.

Ijumaa kanisa likajaa hadi mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza ibada, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye kola. Beldina akatokea kwenye picha iliyorushwa ukutani, mkubwa kuliko jeneza, kitambaa cheupe kichwani. Akasema, "Mama, ni mimi." Nami kama mlinzi mwema nikatoa simu mfukoni niangalie kama swichi zi hai.

Akaganda, mdomo wazi.

Nikakimbia koridoni na suti yangu, nikachomoa, nikarudisha, nikarudi nikihema, na akina mama wakaanza wimbo kujaza nafasi. Beldina akarudi. "Mama, ni mimi, mnanisikia?" Nikafungua simu nihakikishe. Akaganda. Mara ya tatu nikaomba kanisa lisimame tukemee roho ya kuvuruga mitambo, tukakemea kwa nguvu, nikakimbia tena kuchomoa na kurudisha umeme, akarudi, watu wakasema amina, nami mkono ukaingia tena mfukoni. Akaganda, safari hii amefumba macho. Nje, dereva wa gari la maiti alikuwa ameshawasha injini.

Ndipo Mama Risper akaja katikati ya kanisa na aproni yake inanuka moshi, akanisogelea sikioni, akadhani ananong'ona. Kile kipaza sauti cha kolani kikambeba mpaka barabarani.

"Mzee, nimekuangalia kutoka mlangoni. Kila ukifungua hiyo simu, huyu mtoto anakatika. Shetani gani unakemea na ameshikwa na wewe mwenyewe? Lete hapa."

Miaka ile yote ya nguzo ikanijia mara moja: visanduku vile vizee vina akili ndogo, nami nilivifanya vijibu maswali yangu hata vikakosa nafasi ya kumpitisha Beldina. Nikampa simu. Akaifunga, akaitia mfukoni mwa aproni, nami nikaenda kuwasha swichi kwa mara ya mwisho.

Beldina alizungumza dakika kumi bila kukatika. Alimwomba mama yake msamaha kwa kutokuwapo, akamwimbia ubeti mmoja wa alto, akamaliza, "Ero kamano, Mama," asante, na hapakuwa na jicho kavu, langu likiwa la kwanza kulowa.

Jumapili nilisimama madhabahuni nikamwomba Mama Risper msamaha kwa sauti, mbele ya wale wale niliomwaibisha mbele yao na wengine zaidi. Akasema amesamehe, ila mtungi unarudi kwenye soketi yake na simu yangu itakuwa inakaa jikoni.

Basi nimeweka nadhiri, nami naishika. Programu huuliza mara moja kwa saa, kwa upole, na sijaigusa. Mungu mwenyewe hunitazama mchana kutwa na hajawahi kunigandisha kwa maswali, mimi ni nani? Kabla ya ibada naipeleka simu jikoni, inawekwa kwenye kabati la vikombe, na ibada ikiisha naifuata. Jumapili iliyopita nilichelewa kidogo, nilikuwa nasalimiana na watu, nikamkuta Mama Risper amesimama na simu mkononi, chai inachemka nyuma yake.

"Mzee," akaniuliza, "uko hai?"

Nikamwambia niko hai, mama. Akanipa simu, na kikombe cha chai.