Mtoto Niliyemwacha Nje ya Fomu

Wasichana wenye watoto huniuliza kama waende jeshini. Wananijia mimi kwa sababu nilivaa magwanda miaka mingi, na majirani zangu hapa Buswelu wanajua. Kwanza namwambia msichana amwache mtoto kwa jirani, ndipo tuongee. Naanza na mambo mepesi: nunua soksi nene, jifunze kula haraka, usibishane na mkubwa hata akikosea. Kukimbia hutakuzoea, utakuvumilia tu. Hapo wanacheka. Yanayofuata hayachekeshi, na wengine huaga kabla sijamaliza.

Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo pale mjini. Miaka ya tisini, mali za umma zilipoanza kuuzwa, tulisimamishwa getini tukasomewa majina, na aliyesikia lake alirudi nyumbani. Langu lilisomwa. Baba wa mtoto wangu alikuwa ameshakwenda visiwani kufuata sangara, na huko alipotelea. Nikarudi Usagara kwa mama nikiwa na binti wa mwaka mmoja na miezi minne, bado ananyonya.

Nafasi za jeshi zilipotangazwa, msichana alitakiwa awe hajaolewa wala hajazaa. Mimi nilikata tamaa, mama hakukata. Kwetu Wasukuma, mtoto wa binti asiyetolewa mahari ni wa nyumba ya wazazi wa binti. Ukoo wake ni wa huko, na hakuna wa kuja kumdai. Mama akaniambia niandike kwenye fomu kwamba sina mtoto, maana kimila kweli sikuwa naye.

“Huyu ni wangu tangu azaliwe,” alisema. “Wewe ulinizalia tu. Nenda, mwanangu, usigeuke nyuma.”

Nilifurahi. Nasema wazi kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilifurahi, nikaomba kalamu.

Tulimwachisha ziwa kwa wiki moja. Nilijipaka mwarobaini uliopondwa. Alionja, akanitazama kama mtu aliyepigwa bila kosa, kisha akajaribu tena. Nilijifunga kifua kwa kanga mpaka kuvuta pumzi ikawa kazi. Wiki hiyohiyo tukamfundisha kuniita dada. Alikuwa na maneno machache sana kinywani, lakini hilo alilishika upesi. Kwenye usaili, daktari aliniminya tumbo akauliza kama nimewahi kuzaa, nikasema hapana.

Kambi ilikuwa mbali na ziwa letu. Wiki ya pili, tukiwa kwenye gwaride, mke wa mkufunzi wetu alipita kando ya uwanja amebeba mtoto anayelia. Maziwa yakanishuka palepale, nikiwa nimekakamaa, mikono ubavuni. Mkufunzi aliona shati limelowa, akanikemea kwamba natoka jasho hata kabla ya kazi. Niliitikia, “Ndiyo, afande.” Yule mke alinitazama, akamhamishia mtoto bega la pili, akaenda zake. Nina hakika alijua.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka sita. Kila likizo nilifika nyumbani, binti yangu akanipa shikamoo dada, nami nikaitika marahaba kama mtu mwenye akili timamu. Nilimletea viatu na biskuti, akavipokea kwa mikono miwili, akavikimbiza kwa mama yangu akavitunze. Nilijiambia subira huvuta heri. Nikipata cheo na nyumba ya kuishi, nitamchukua akasome shule ya karibu na kambi. Kwenye karatasi atabaki mdogo wangu, lakini ndani ya nyumba atakuwa mwanangu.

Cheo kilikuja, kidogo, pamoja na vyumba viwili. Nilivuka ziwa kwa kivuko kutoka Busisi hadi Kigongo nikiwa na sare ya shule kwenye begi, niliyoikadiria kwa macho ya likizo iliyopita. Nilimkuta mama uani akimenya mihogo. Nikamsalimu, nikakaa, nikamweleza nilichofuata. Hakukasirika. Aliniuliza tu nimekuja kumchukua mtoto wa nani. Akanikumbusha kwamba tulikubaliana, na kwamba mtu hawezi kumkana mtoto anapotafuta kazi, kisha amdai anapopata nyumba.

Nilipandisha sauti. Nilimwambia mimi ndiye niliyemzaa, mila haikulala leba. Nilisema mengi ambayo mtu hamwambii mzazi wake, na katika hasira yangu nilisahau kwamba binti alikuwa nyuma ya jiko akiosha vyombo. Sauti ya sufuria ilikoma. Akatokea, akijifuta mikono kwenye gauni.

“Ni wewe uliyenizaa?” akaniuliza.

“Ndiyo, ni mimi.”

Hakulia, wala hakunisogelea. Alifikiri kidogo, jinsi watoto wanavyofikiria hesabu.

“Uliponiacha, nililia siku ngapi?”

Katika barua zote za miaka ile sita niliuliza habari za mvua, za mihogo, za afya ya kila mtu. Hilo sikuwahi kuliuliza. Nikamgeukia mama. Hakuinua macho kwenye mihogo yake, na alipojibu alimjibu mtoto, si mimi.

“Tisa,” alisema. “Ya kumi ukaniita mama.”